Mwanangu, usimpeleke mtoto kung'olewa hayo meno

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona nikitoka kusali saa mbili usiku, nimeisoma mara tatu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli mtoto ana meno ya plastiki, hayo wanayosema ndo yanaleta homa na kuharisha mpaka yang'olewe, maana leo siku ya tatu anaharisha na mwili unachemka, na ufizi wa chini una vijivimbe vyeupe huku na huku, na mama mkwe wako kashampata mtu wa kumtoa hayo meno kesho asubuhi. La pili, kama na wewe nilikutoa ulipokuwa mdogo.

Usimpeleke. Hilo lishike kwanza hata kama hutasoma mengine yote. Hivyo vijivimbe ni chonge zake mwenyewe, meno yake ya utoto, mtoto anazaliwa nayo tayari yamo ndani ya ufizi yote ishirini, yanasubiri zamu. Mjukuu wangu ana miezi saba, ya mbele ya chini ndo yanaanza kutoka, chonge zenyewe zinakuja baadaye sana, karibu mwaka na nusu huko, lakini zimo na ufizi unatuna pale zilipo, watoto wengi wa umri huo ukiwafunua mdomo utaziona, wawe wanaumwa wasiwe wanaumwa. Mfunue na wa jirani uone.

Wewe sikukutoa. Kaka yako nilimtoa.

Sijawahi kukwambia, na yeye sijawahi kumwambia. Ilikuwa 1991, alikuwa na miezi minane, anaharisha kama huyu wako, na miaka hiyo maneno ya meno ya plastiki yalikuwa kila kona, ukienda kisimani ndo hayo, ukienda sokoni ndo hayo, wengine wanayaita ya nailoni. Jirani akanipeleka kwa mama mmoja anayeyatoa, tukakuta foleni, wanawake kama sita na watoto wao chini ya mwembe. Alikuwa na spoku ya baiskeli kainoa ncha, anaichovya kwenye maji ya chumvi kwenye kopo, mtoto mmoja akimaliza anaifuta kwenye kanga anashika mwingine. Mimi ndo nilimshika kichwa kaka yako, mwanangu, kwa mikono yangu hii. Alilia mpaka sauti ikakatika. Halafu yule mama akaniwekea kitu kiganjani, kidogo, cheupe, laini, akasema unaona, plastiki hiyo. Na mimi nikaona kweli plastiki. Leo najua ni kitu gani. Ushawahi kumenya hindi changa, ile punje ambayo ukiibonyeza na ukucha inatoa maziwa? Basi ndo jino lilivyo kabla halijakomaa, haliwezi kuwa gumu kwa sababu muda wake bado. Nililipa hela mwanangu akang'olewa jino zima likiwa bichi.

Usiku ule damu haikukata. Kunyonya akawa hawezi, mdomo umevimba, na kuharisha kunaendelea vilevile maana jino halikuwa na kosa lolote. Kesho yake mchana macho yameingia ndani, utosi umebonyea kama kisahani, analia hana machozi. Hospitali walitafuta mshipa mkononi wakaukosa wakachoma dripu kichwani, tukalala pale siku nne. Nesi mmoja akaniambia taratibu tu, mama, mtoto wako kaishiwa maji, hicho ndo kilikuwa kinamuua, hizo siku mbili ulizompeleka huko ndo zilikuwa za kumnywesha. Sijasahau.

Na meno ya ukubwani yakaja kuonyesha. Chonge ya chini kushoto haikuota mpaka leo, ya kulia ikaota imepinda ina rangi ya kahawia, kwa sababu chini ya jino la utoto kuna kijijino cha ukubwani nacho kinaanza kujitengeneza, spoku ikipita inaharibu vyote viwili. Angalia picha za harusi yake uone kama kuna hata moja kafungua mdomo. Ukimuuliza atakwambia kazaliwa hivyo, na mimi ndo niliyemwambia hivyo.

Tena sisi tulibahatika. Ile spoku imepita midomo mingapi siku ile? Pale mtoto anaweza kuokota pepopunda, anaweza kuokota virusi vya UKIMWI, anaweza kupata sumu kwenye damu, na wapo wanaotoka damu mpaka wanakufa.

Najua utakachoambiwa, kwamba wa fulani alitolewa akapona. Ni kweli wapo waliopona. Kuharisha kwingi kwa watoto kunakata kwenyewe ndani ya siku chache hadi wiki kama mtoto anapata maji ya kutosha, sasa ukimtoa meno siku ya tatu akapata nafuu siku ya tano sifa anachukua fundi, na yule aliyekufa wanasema alicheleweshwa. Hivyo ndo jambo hili linavyozidi kuishi.

Mbona basi kuharisha kunawapata watoto umri huu huu wa kuota meno? Kwa sababu miezi sita na kuendelea ndo anaanza uji, anaanza kutambaa, kila anachookota chini kinaenda mdomoni, na ile kinga aliyotoka nayo tumboni kwako inapungua. Uchafu unaingia tumboni anaharisha. Kuota meno kunaleta udenda na kutafunatafuna vidole na usumbufu kidogo, hakuleti homa kali wala kuharisha siku tatu. Mtoto akichemka tafuta ugonjwa mwingine, usitafute jino.

Sasa cha kufanya usiku huu. Mume wako aende duka la dawa achukue ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ya kurudisha maji mwilini, pakiti mbili na vidonge vya zinki vya watoto. Chemsha maji, yapoe kabisa, halafu soma pakiti imeandikwa maji kiasi gani, nyingi ni lita moja, ipime kweli, hizi chupa kubwa za maji za dukani mara nyingi ni lita moja na nusu na watu wanajaza tu bila kuangalia. Ukizidisha maji dawa inakuwa haina nguvu, ukiyapunguza maji, chumvi inazidi na hiyo ni mbaya zaidi kwa mtoto. Usiongeze sukari wala soda wala kitu chochote. Mnyweshe kwa kijiko, sio chupa ya chuchu, kila akiharisha mpe kama robo kikombe cha chai hadi nusu, polepole, kijiko baada ya kijiko. Akitapika usikate tamaa, subiri dakika kumi uanze tena kidogo kidogo zaidi. Yakipita masaa ishirini na nne, iliyobaki mwaga, koroga nyingine.

Titi usimnyime, mnyonyeshe kuliko siku zote, usiku pia. Watu watakwambia maziwa yako yameharibika, sio kweli. Uji mpe akitaka. Zinki kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, kidonge unakiyeyusha kwenye kijiko na maziwa yako kidogo, na unampa siku 10 hadi 14 hata kama ameacha kuharisha siku ya tatu, hapo ndo wengi wanakosea wanaacha. Dawa za kufunga tumbo usimpe kabisa, na antibayotiki za kujinunulia pia usimpe.

Asubuhi zahanati, pamoja na kadi yake ya kliniki. Kwa sababu ana homa lazima apimwe malaria, ni kutoboa kidole tu na majibu hayachukui nusu saa, usikubali apewe dawa ya malaria kwa kubahatisha na usikubali aondoke hajapimwa. Waulize na chanjo, ile ya matone ya rota inayozuia aina moja ya kuharisha kukali alitakiwa awe ameshapata dozi zote, angalia kwenye kadi.

Ila usingoje asubuhi ukiona hata kimoja katika haya: hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, kashtuka degedege, kalegea ukimwita hafungui macho vizuri, choo kina damu, au hajakojoa kwa masaa mengi. Mbinye ngozi ya tumbo kwa vidole viwili uachie, ikirudi taratibu badala ya kurudi hapo hapo, au macho yameingia ndani, ondoka saa hiyo hiyo hata iwe saa nane usiku, bodaboda ipo, na njiani endelea kumpa kijiko kama anameza.

Kuhusu mama mkwe wako. Usimjibu vibaya na usimwambie hayo ni mambo ya kizamani, yule mama anampenda huyu mtoto na anaogopa kama mimi nilivyoogopa. Mwambie mama ameomba tungoje majibu ya zahanati kwanza, nitupie mimi lawama, mimi nipo mbali naweza kuzibeba. Halafu mpe kikombe na kijiko ashike yeye, mwambie mama nisaidie kumnywesha, mimi nimechoka. Mtu mwenye hofu anataka kufanya kitu, kikombe kile kitamtosha. Akikataa nipigie nitaongea naye mwenyewe, mkwe mwenzangu atanisikia, nitamwambia habari ya spoku kama nilivyokwambia wewe. Na mume wako akae upande wako kwenye hili, mweleze usiku huu kabla hamjalala, asije akaamka asubuhi akakuta mtoto kashabebwa.

Mikono sabuni kila ukimbadilisha, na choo chake kitupwe chooni sio nyuma ya nyumba, haya unayajua.

Saa kumi na mbili asubuhi nitapiga, uniambie kakojoa mara ngapi. Kaka yako Jumapili anakuja hapa kula, nitamwambia mimi mwenyewe habari ya meno yake. Usimtangulie.

Mama