Fleti ya Nyali yenye bahari roshani: panga kwanza, ununue baadaye

Dadangu wa Doha, nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Una milioni 12 ulizojinyima miaka tisa. Dalali amekutumia picha za fleti ya vyumba vitatu Nyali, hapa Mombasa, ghorofa ya nne, bahari inaonekana, jengo bado liko kwenye nguzo, na anataka arbuni ya asilimia 30 kabla mwezi haujaisha. Unauliza ununue au uache. Mimi nakwambia usitume hata shilingi. Panga Nyali mwaka mzima kwanza. Kama wewe huwezi kuja, mama yako, uliyesema ndiye atakayeishi humo, apange yeye. Kusi imkute humo, na kaskazi imkute humo.

Nakwambia haya kwa kuwa najua uchungu wa kutaka nyumba. Nimezaliwa Majengo, kwenye nyumba ya babangu isiyokuwa na shamba. Watu wa bara wakisikia hilo hushangaa, lakini Mombasa tumelizoea: nyumba yako, ardhi ya mwengine, na kila mwezi unampelekea mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Babangu alilipa mpaka siku anazikwa. Kiwanja kilipouzwa, sisi tulitoka na milango, madirisha na mabati, maana hivyo ndivyo vilivyokuwa vyetu. Nilipoanza kazi bandarini nilikuwa na haja moja tu, karatasi yenye jina langu.

Nilivuka daraja la Nyali mwaka 2012, nikapanga nyuma ya Links Road. Fleti ilitazama magharibi. Niliiona asubuhi, baridi nzuri, nikalipa. Sikufikiria jua la alasiri. Bahari ya Nyali iko mashariki, na pepo zetu zote mbili hutokea upande huo: kusi kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Chumba kilichogeukia barabara hakipati hata mmoja. Januari ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa bado una moto saa nne za usiku, ukiuweka kiganja unaondoa. Pesa nilizookoa kwenye kodi zikaenda kwenye umeme wa kiyoyozi. Kwa bahati nilikuwa mpangaji. Nilitoa notisi nikahama.

Mwaka 2016 nikanunua fleti kwenye jengo jingine, karibu zaidi na ufuo, na roshani ikatazama maji. Kosa langu la kwanza lilikuwa kulipia bahari. Mbele yetu palikuwa na kiwanja chenye bangaloo kuukuu na miembe. Miaka mitatu baadaye bangaloo ikavunjwa, miembe ikakatwa, pakasimama ghorofa nane. Leo nikitoka roshani naona kamba za nguo za jirani. Hakuna aliyenidanganya, kiwanja si changu. Kwa hiyo ukiangalia zile picha, muulize dalali kitu kimoja: kati ya jengo na maji pana kiwanja cha nani? Pakiwa na nyumba moja ya zamani yenye bustani kubwa, hesabu kwamba hiyo bahari umekodishwa.

Lakini bahari si kitu. Maji ya kunywa ndiyo yaliyonitoa jasho. Mombasa haina mto wake wa kutegemea. Maji yetu hutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na hayatoshi mji. Mfereji wa kaunti ukikauka, jengo hutegemea kisima, na chini ya Nyali ni mwamba wa matumbawe ambao bahari huingia kama maji kwenye sponji. Wiki yangu ya kwanza kwenye fleti niliyonunua, mke wangu alibandika chai ya maziwa. Ikakatika kwenye sufuria mbele yetu, mabonge meupe juu, maji ya kijivu chini. Akadhani maziwa yameharibika, akafungua pakiti nyingine, nayo ikakatika. Ilikuwa chumvi ya kisima. Sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko, na vyuma vya roshani, ambavyo upepo wa bahari tayari unavila, vikaanza kumeguka kama mkate wa jana. Tangu siku hiyo tunanunua maji ya boza. Maboza ya maji utayaona Nyali kila asubuhi, yanaingia kwenye malango ya fahari kabisa.

Boza hulipwa kwa ada ya huduma, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Ile ada ndiyo inayolipa maji, bawabu, lifti, jenereta na kunyonya tangi la maji taka. Kwetu wenye fleti wengi wako Nairobi na ng'ambo, wanakuja Disemba na Pasaka. Wengine hawalipi mpaka wanapokuja. Mwaka 2021 lifti yetu ilikaa miezi mitano bila kufanya kazi, si kwa kukosa fundi, bali kwa sababu wachache kati yetu ndio tuliokuwa tumelipa. Mamangu alikuwa akikaa nasi, magoti yake mabovu, ghorofa ya tatu. Alishuka mara mbili tu katika miezi hiyo, na mara moja ilikuwa kwenda hospitali. Mama yako ana umri gani? Ghorofa ya nne si jambo dogo.

Ndiyo maana nasema mtu apange. Jengo linalojengwa halina majirani wa kuulizwa wala mfereji wa kufungua. Jengo lenye miaka saba au kumi lina kila kitu nje: kutu, nyufa, madeni ya ada, hasira za wakaazi. Keti na bawabu, mnunulie madafu, atakueleza yote.

Karatasi nitazipitia haraka, maana utahitaji wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji. Sheria ya mwaka 2020 inataka kila fleti iwe na hati yake, si hisa kwenye kampuni ya jengo kama zamani. Uliza hati hiyo iko au inaahidiwa. Kama ardhi ni ya kukodi kwa serikali kwa miaka 99, uliza imebaki mingapi. Ikiwa imebaki kidogo benki itasita, na mnunuzi wako wa kesho atasita pia. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa hiyo kwenye milioni 12 weka 480,000 pembeni.

Ulisema pia kwamba mama akichoka utaipangisha. Tupige hesabu. Tuseme kodi ni 70,000 kwa mwezi, na mwezi mmoja kwa mwaka fleti iko tupu: 770,000. Kodi ya serikali ya mapato ya nyumba, asilimia 7.5 kwa anayehesabiwa mkaazi wa Kenya, ni 57,750. Ada ya huduma ikiwa 12,000 kwa mwezi ni 144,000. Rangi, mabomba na wakala, weka 80,000. Unabaki na kama 488,000, kama asilimia 4 tu ya pesa ulizotoa. Hatifungani nyingi za serikali zilizouzwa mwaka 2023 na 2024 zililipa zaidi ya asilimia 12. Nyumba ya kukaa mama ina thamani nyingine, hiyo naikubali kwa moyo wote. Kama biashara, mimi nisingeifanya.

Usinielewe vibaya, sihami Nyali. Siku za bamvua maji yakipwa asubuhi, mwamba wote unabaki wazi, na wavuvi wanatembea juu yake wakitafuta pweza. Binti yangu amejua majina ya samaki hapo. Katiba inasema ufuo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni wa umma, hivyo aliyepanga chumba kimoja ana haki nao sawa na mwenye jumba. Ila njia za kushukia ni chache, nyingine zimebanwa na kuta, zitafute kabla hujachagua mtaa. Mboga sinunui kwenye maduka makubwa, Kongowea iko hapo hapo. Na jioni nikipita Kengeleni huwa naitazama ile kengele ya Frere Town, ya watu waliookolewa utumwani miaka ya 1870. Wao walikuwa wakaazi hapa kabla ya gofu na mahoteli.

Ukipata likizo Agosti, niandikie. Nina majengo matatu ya kukuonyesha, ya watu wanaotaka kupangisha. Tutaenda usiku, saa mbili, wakati kila mtu anaoga, na tutafungua mfereji wa jikoni. Njoo na maziwa.