Namba ndani ya riwaya: kwa unayeanza uhakiki

Ukianza kuandika uhakiki, mtu atakuonyesha orodha ya maana za namba: tatu ni hiki, saba ni ukamilifu, arobaini ni majaribu. Iache. Orodha hiyo haijasoma riwaya yako. Chagua riwaya moja ambayo wahusika wenyewe wanapiga hesabu, ukae nayo mpaka uielewe. Mimi huwapa wanafunzi The Chosen ya Chaim Potok, iliyotoka mwaka 1967.

Kisa kinaanzia Williamsburg, Brooklyn, mwaka 1944. Vijana wawili wa Kiyahudi wanakutana kwenye mechi ya besiboli. Reuven Malter ni mtoto wa msomi anayechambua maandiko kitaalamu. Danny Saunders ni mtoto wa rabi wa Kihasidi, kundi la Wayahudi wanaoshika sana dini, naye anatarajiwa kurithi nafasi ya baba yake, lakini nafsi yake imevutwa na saikolojia. Baba huyo hazungumzi na mwanawe isipokuwa wanapodurusu Talmudi, mkusanyiko wa sheria na mijadala ya marabi.

Sasa nenda kwenye tukio la sinagogini, siku ya Sabato, Reuven akiwa mgeni. Rabi Saunders anahutubia kwa gematria, yaani kila herufi ya Kiebrania ina thamani yake ya namba. Msomaji wa pwani hatahangaika hapa. Hata asiyesoma falaki amewahi kuona 786 ikiandikwa badala ya Bismillahi, na hiyo ni hesabu ya abjadi, thamani za namba za herufi za Kiarabu, ndugu wa gematria. Rabi anajumlisha herufi za "dunia hii" anapata 163. Za "ulimwengu ujao", 154. Tofauti ni 9, na 9 ni nusu ya 18, ambayo ni thamani ya chai, neno la Kiebrania lenye maana ya uhai. Basi hapa duniani, anasema, tunaishi nusu tu. (Herufi za hayy kwa Kiarabu, 8 na 10, nazo hutoa 18. Nikiwaeleza hilo wanafunzi wanaotamka "hai" kila siku, darasa huchangamka.)

Wengi huishia hapo, wakaandika kwamba 18 inaashiria uhai. Ni kweli, ila hapo umerudia tu alichosema mhusika. Chukua karatasi ujumlishe mwenyewe. 163 iko sawa, 154 iko sawa. Kisha rabi anafika kwenye prozdor, daka la nyumba, mahali pa kupita kabla ya kuingia ndani, na anatoa 513. Jumlisha: 80, 200, 6, 7, 4, 6, 200. Ni 503.

Kosa hilo ni la makusudi. Mbele ya waumini wote, baba anampima mwanawe kama alisikiliza. Danny anataja kosa jingine la hotuba. Hili la hesabu linabaki kwa Reuven, na mgeni analitaja. Kwangu mimi hapo ndipo penye maana, kuliko kwenye 18 yenyewe. Uliza nani anahesabu, mbele ya nani, anataka nini. Katika nyumba ile namba ndiyo njia iliyobaki ya baba kumgusa mwanawe, na njia hiyo inapima akili peke yake. Baadaye sana tunaambiwa alichokiogopa baba tangu Danny akiwa na miaka 4: akili kubwa isiyo na huruma. Rudi usome tukio la sinagogini ukiwa umeshajua hilo. Utamwona mtu anayeitahini ile ile akili inayomtia hofu, kwa sababu bado hajapata jinsi ya kuufikia moyo. Suala la imani na la Danny ni nani limo ndani ya hesabu hiyo moja ya kujumlisha.

Utakutana na namba zisizobeba kitu, nazo uziache zilivyo. Timu ya besiboli ina wachezaji 9 kwa sababu ya kanuni za mchezo. Usiifunge kwenye nusu ya uhai. Miaka 15 ambayo vijana hawa waliishi jirani bila kujuana inakupa umri wao na umbali kati ya makundi mawili ya dini moja. Inatosha.

Iko moja ninayoikubali ingawa hakuna mhusika anayeitaja: riwaya ina sura 18. Ukitaka kuitumia, onyesha kwanza kwamba riwaya yenyewe imeshatufundisha thamani ya 18 kupitia kinywa cha rabi, kisha useme wazi kwamba hii ni hoja ya muundo, kazi ya mwandishi. Reuven hajui yuko sura ya ngapi. Usiandike kana kwamba anajua.