Jibu: Pete za Zohali zimekwenda wapi?

Ndugu, umeuliza kama darubini yako imeharibika, maana Novemba 2025 uliona Zohali ikiwa na mstari mwembamba tu mahali pa pete. Darubini ni nzima. Mhimili wa Zohali umeinama nyuzi 26.7, na sayari hiyo hulizunguka Jua kwa miaka 29 na ushei. Kwa hiyo kila baada ya miaka 14 au 15 hivi pete hutugeuzia ubavu. Ilitokea Machi 23, 2025, na Novemba mwinamo wa pete, kama tunavyouona kutoka Duniani, ukashuka tena chini ya nyuzi 1. Pete kuu zina kipenyo cha kilomita 280,000 hivi, lakini unene wake sehemu nyingi ni kama mita 10 tu! Ndiyo maana ubavu wake karibu hauonekani.

Sasa zinazidi kufunguka, hadi kilele karibu 2032. Acha darubini ipoe nje nusu saa, tumia ukuzaji wa mara 100 hadi 150, na subiri sayari ipande juu. Ikiwa karibu na upeo wa macho, hewa huichezesha, na kuongeza ukuzaji kunakuza ukungu tu. Tafuta pia Titani, mwezi mkubwa zaidi wa Zohali: ni nukta ya pembeni inayoizunguka sayari kwa siku 16.