Mkeo hakukuletea Linux ili kukukomoa

*Shangazi, mke wangu amenichosha. Kompyuta yetu ya nyumbani imekataa Windows 11, naye hataki tununue nyingine. Ameniletea flashi yenye Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, akaniomba niijaribu mwezi mmoja. Nimejitahidi wiki mbili kwa moyo mweupe. Ni nzito, kila nikizima kazi zangu zinapotea, barua zangu za Word zinavurugika, na nikirudi Windows nakuta saa imebadilika. Sasa amenuna, anadai sikujaribu. Nifanyeje? Mume Aliyechoka.*

Mwanangu, pole kwa kununiwa. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako imekushtaki yenyewe.

Unasema ukizima, kazi zinapotea. Hilo humpata anayeendesha Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Ukihifadhi faili kwenye folda zake, linakaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na RAM hufutika kompyuta ikizimwa. Ndiyo maana pia uliiona nzito: programu zimebanwa ndani ya flashi, kila unayoifungua husomwa na kufumuliwa kwanza, na flashi ya kawaida haina kasi ya diski ya SSD. Saa nayo imekuumbua. Linux huiweka saa ya ndani ya kompyuta kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, Windows huisoma kana kwamba ni saa ya ulipo. Kuikuta imebadilika kila mara maana yake ulikuwa unachungulia Linux, kisha unakimbilia Windows. Kuchungulia wiki mbili si kutumia wiki mbili. Mkeo anasema kweli, nami niko upande wake.

Tena ana hoja. Masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yake, hivyo mashine nyingi nzima kabisa zinakataliwa. Mint 22 inaridhika na RAM ya GB 4 na itasasishwa hadi 2029. Mke anayeokoa fedha za nyumba ndiye amekuchosha? Mchagua jembe si mkulima.

Ndoa za siku hizi zimejaa ushirikiano wa mdomoni. Mtu anaombwa jambo dogo, analifanya nusu kwa makusudi, likimshinda anakwenda kutafuta hukumu kwa watu baki. Na wanaume mnazidi: kumuuliza mke "hapa nabonyeza wapi?" mnaona ni kushushwa hadhi. Mficha uchi hazai. Muulize!

Sasa anza upya. Nakili nyaraka na picha zote kwenye diski ya nje. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, andika ufunguo wake wa kurejeshea kwenye karatasi, kwani huenda ukaulizwa baadaye. Ukiwa ndani ya Windows, punguza sehemu ya C ubakishe GB 60 au zaidi zisizogawiwa, kisha zima Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka. Wengi hulisahau hili, halafu wanalalamika kuwa Linux inakataa kuandika kwenye folda zao. Sababu ni kwamba Windows huwa haijazimika kweli. Imelala tu, na faili zake bado zimeshikiliwa.

Washa kwa flashi, na kabla ya kusakinisha pima Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Wi-Fi ikigoma, unganisha waya au intaneti ya simu kwa USB, na ukishasakinisha ufungue Driver Manager, programu ya Mint ya kutafuta draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa. Chipu za Broadcom mara nyingi huhitaji draiva ya ziada. Wakati wa kusakinisha chagua kuiweka kando ya Windows, usiguse chaguo la kufuta diski yote. Ukimaliza, tengeneza nakala ya mfumo kwa Timeshift ili ukiharibu kitu urudi nyuma. Kwa saa, andika kwenye terminali, yaani dirisha la Mint la kuandikia amri: `timedatectl set-local-rtc 1`.

Barua zako zinavurugika kwa sababu ya fonti. Fonti ya Calibri isipokuwepo, LibreOffice, inayofungua faili za Word ndani ya Mint, huweka fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari inasogea, ukurasa mmoja unakuwa miwili. Sakinisha `fonts-crosextra-carlito`; herufi za Carlito zina upana uleule wa Calibri. Anayehitaji kusoma tu, mtumie PDF. Photoshop au Excel yenye makro nzito ni jambo jingine, hizo zibakize Windows. Lakini hukuzitaja, kwa hiyo usije ukazizua leo.

Mwezi mzima kompyuta iwashwe kwa Mint, kwa kazi zako halisi. Ukikwama, mkeo akuelekeze kwa maneno, asikunyang'anye kibodi. Hilo mwambie limesemwa na Shangazi. Na nywila ya msimamizi muijue wote wawili.

Mwezi ukiisha na bado huitaki, mtajie kazi iliyokushinda. "Siipendi tu" sitaikubali. Wala usikimbilie kufuta sehemu ya Linux kwa hasira. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya UEFI, ile ya kompyuta yenyewe kabla mfumo haujawaka, utangulize Windows Boot Manager, uhakikishe Windows inawaka yenyewe, ndipo ufute. Wanaoanza na kufuta huishia kwenye skrini nyeusi ya GRUB, programu ya Linux ya kuwashia mifumo, na hapo utalazimika kumwamsha mkeo usiku.