Kabla Hujamwandikia Rafiki Mliyepotezana Wakati wa Vita

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kutoka upande wa Cheptais, huku kwetu Mlima Elgon, magharibi mwa Kenya. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mistari minne. Amemwona Facebook msichana waliyeketi naye dawati moja hadi darasa la tano. Siku hizi ana duka la nguo Eldoret. Mara ya mwisho walionana 2007, kabla familia ya yule mwenzake haijahama usiku kwa ajili ya vita vya ardhi. "Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta," akasema. "Watu wa kwao waliumizwa, na waliowaumiza ni watu wa kwetu. Nianzie wapi?"

Nilikuwa nimewaahidi makala juu ya kuhifadhi vitunguu. Vitunguu vitangoja. Swali la dada huyu mimi nililibeba miaka kumi na mitano nikiwa sina wa kumuuliza, na najua wengi mnaosoma hapa mna mtu mmoja kama huyo: mtu ambaye mkipita karibu na kwao mnageuza uso, ilhali zamani mlikuwa mkila sahani moja.

Nyumbani kwetu ni Mlima Elgon, juu ya Kopsiro, mahali ambapo asubuhi ukungu hukaa kwenye viazi mpaka saa nne. Rafiki yangu nitamwita Saba, kwa kuwa jezi yake ilikuwa na namba saba mgongoni na alikuwa haivui. Hata mwalimu alimwita hivyo. Jina lake la kweli nimemwachia mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kutega fuko. Aliyelima viazi anajua fuko anavyoweza kumaliza shamba kwa msimu mmoja bila kuonekana. Wenye mashamba walitulipa shilingi 10 kwa kila mkia, kwa sababu mkia ndio uthibitisho. Unachimba mpaka ukutane na njia yake chini ya ardhi, unaweka kitanzi ndani, unachomeka fito mbichi kando na kuipinda, halafu unaifunga kwa uzi unaozuia njia. Fuko akija kusukuma udongo, uzi unaachia, fito inainuka na kumkaba. Kwa hiyo asubuhi huhitaji kukaribia. Ukisimama ukingoni mwa shamba unaona: fito iliyopinda haina kitu, fito iliyosimama ina mkia wa shilingi kumi. Saba alikuwa fundi kunishinda. Vitanzi vyake alivitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli, vyangu vilikuwa vya nailoni. Yeye alikuwa na sita, mimi nilikuwa na vitano. Mchana tulichoma viazi kwao, kwa sababu baba yake hakuwa na ubahili wa viazi.

Saba alikuwa wa Mosop, sisi tulikuwa Wasoy. Kwa msomaji wa mbali, wote ni Wasabaot na lugha ni moja. Mosop ni wa juu mlimani, Soy ni wa chini. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mradi wa makazi wa Chepyuk kuwapa mahali watu wa Mosop waliotolewa Chepkitale, kule juu kwenye nyasi na baridi. Ardhi ilikuwa na rutuba, watu wa chini nao wakaitaka, na kila serikali iliyokuja ikagawa upya, ikafuta, ikagawa tena. Ilipofika Awamu ya Tatu ya mradi huo, kulikuwa na watu waliojenga, wakalima na kuzika wazee wao kwenye mashamba ambayo karatasi zilisema ni ya wengine. Hapo ndipo lilipozaliwa kundi lenye silaha la SLDF (Sabaot Land Defence Force), wengi wao watu wa Soy. Sisi tuliwaita "vijana" tu. Walitoza kodi, walikata watu masikio, na kila boma lililokuwa na mvulana mkubwa lilijua siku moja litaulizwa habari zake.

Boma letu liliulizwa. Kaka yangu akaenda.

Sasa nifike pale ambapo miaka mingi sikutaka kufika. Ilikuwa likizo ya Desemba 2006, nikiwa na miaka kumi na miwili. Alhamisi usiku kaka alikuja kula, akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Kesho kutwa watoto wasipande juu." Basi. Baba akaendelea kutafuna. Mama akaondoa sufuria. Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Huko juu kulikuwa na maboma ya Mosop manane, na mojawapo lilikuwa la kina Saba.

Ijumaa tulikwenda kutega kama kawaida. Tuliinama kwenye shamba moja kutoka asubuhi hadi saa saba, bega kwa bega, mikono imejaa udongo. Alinieleza jinsi ya kuupinda waya usikatike. Tulipoachana akasema, "Kesho uje mapema tuangalie." Nikamjibu, "Sawa."

Neno hilo moja ndilo nililomwambia.

Usiku nilitazama moto kupitia ufa wa mlango. Jumapili nikaenda shambani peke yangu. Fito nne za Saba zilikuwa zimesimama. Nikawatoa fuko wanne, nikakata mikia, nikalipwa shilingi 40. Nikanunua mandazi na kalamu ya bluu. Kisha nikang'oa mitego yake yote sita nikaipeleka nyumbani, kwa sababu waya zake zilikuwa nzuri. Nikaitumia zaidi ya mwaka mzima.

Nimeandika hayo kwa urefu makusudi, dada yangu. Ukitaka kumwandikia rafiki yako, anza kwa kukaa peke yako na ukumbuke kile *wewe* ulichofanya. Acha ya baba yako na ya watu wa kwenu. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kuzima vita, lakini kuna jambo moja dogo alilofanya au aliloacha kufanya, na analijua. Ndilo litakalofungua mlango. Mengine yote ni kelele.

Vita havikutuacha nasi salama, na hapa nisinyamaze. Machi 2008 serikali ilileta jeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na wavulana walikusanywa kwa maelfu, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota, na waliorudi kutoka huko walisimulia mateso ambayo mashirika ya haki za binadamu yaliyaandika mwaka huohuo. Mwezi Mei kiongozi wa SLDF, Wycliffe Matakwei, akauawa. Waliouawa na kundi hilo wanakadiriwa kuwa zaidi ya 600, na waliokimbia makwao ni makumi ya maelfu. Kaka yangu alichukuliwa katika msako asubuhi moja akiwa amevaa sweta langu. Hatujamwona tena. Mama aliendelea kumwekea chakula kwa miezi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, huchukuliwa kuwa amefariki, na jamaa wanaweza kulipeleka jambo hilo mahakamani. Tulipofikisha hiyo miaka 7 mama alikataa kwenda. "Nikatie sahihi kifo cha mtoto ambaye sijamzika?" Hadi leo shamba lililo kwa jina lake haliwezi kugawanywa. Wenzangu wenye ndugu waliopotea mnanielewa. Bado nina hasira, sitawadanganya.

Miaka ya sekondari na chuo siielezi; ni njaa na karo tu. Nilipita. Leo nina duka la pembejeo Chwele, nimemjengea mama nyumba ya mabati na sakafu ya simenti, na wadogo zangu wawili nimewasomesha. Nilidhani mtu akifika hapo hadaiwi tena na utoto wake. Lakini kila msimu wa viazi nikiuza dawa ya fuko, mkono wangu unasita.

Mwaka 2021 nikapata namba ya Saba kwa binamu yake. Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo nataka usikosee. Nilimwandikia WhatsApp ndefu kama hotuba ya mazishi. Nilimweleza historia ya Chepyuk, kana kwamba yeye haijui. Nilimweleza kwamba kaka alilazimishwa. Nilimweleza sweta, chakula cha mama, kila kitu. Mwishoni nikaandika, "Sote tuliumia." Alama mbili zikawa bluu. Hakujibu. Mwezi, miezi mitatu, miezi minane. Nikaanza kumkasirikia! Nikawaambia watu, "Nimenyoosha mkono, yeye ndiye hataki." Nilisema hivyo hata kanisani.

Usiandike hivyo. Mtu aliyekimbia usiku bila viatu hana haja ya kuanza kwa kusikiliza maumivu yako. Yako ni ya kweli, lakini yangoje zamu yake. Na neno "sote" liondoe kabisa kwenye ujumbe wa kwanza. Hata wa pili.

Siku moja, nikiwa nafunga duka, nikamwandikia mara ya pili, maneno machache: "Saba, ni mimi. Ile Ijumaa nilikuwa najua. Sikukwambia."

Hata saa moja haikupita. Akajibu: "Na mitego yangu uliipeleka wapi?"

Nilikaa chini kwenye gunia la mbolea. Miaka kumi na mitano, mtu amechomewa nyumba, baba yake amekatwa sikio, amelala makanisani na kwenye mahema, na bado anaikumbuka mitego yake! Nikamjibu ukweli. Fuko wanne, shilingi arobaini, mandazi na kalamu. Akaandika, "Basi nina shilingi arobaini kwako." Nikajua naweza kwenda.

Anaishi upande wa Endebess, amekodi shamba la mahindi. Nilipanda matatu hadi Kitale, kisha nyingine. Nilibeba sukari, majani ya chai, unga, na waya mmoja. Ule waya ulikuwa bado unafunga mlango wa kibanda cha kuku cha mama; ndio pekee uliobaki kati ya sita. Dada yangu, usiende mikono mitupu, na usibebe zawadi ya kujionyesha. Beba kitu ambacho ninyi wawili mnakijua.

Baba yake alikuwa ameketi nje, kofia ya sufu imevutwa mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Nilimwamkia kwa kuinama. Akanitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unanimalizia viazi." Nikasema, "Ndiyo, mzee." Akaagiza niletewe chai. Kofia hakuivua siku hiyo wala siku nyingine yoyote ninayokwenda, nami sijawahi kuitazama. Yapo mambo ambayo hayakuulizi msamaha wala hayakupi. Unakunywa chai karibu nayo.

Saba nilimpa sarafu nne za shilingi kumi. Alizihesabu kweli. Mwanawe wa miaka tisa akauliza ni za nini, akaambiwa, "Ni za fuko."

Sasa niwaambie ninyi nyote, si dada huyu pekee. Mnawafundisha watoto wenu nini mezani? Nasikia wazazi wa umri wangu, waliosoma, wenye kazi nzuri Nairobi na Bungoma, wakisema "wale watu" mbele ya watoto. Uchaguzi wa 2027 unakuja na makundi ya WhatsApp ya kijiji yameanza kunuka. Baba yangu hakumpiga mtu yeyote. Yeye alitafuna tu. Mimi nilijifunza kunyamaza kwa kumtazama akitafuna, na kesho yake nikamnyamazia rafiki yangu. Ukisikia jambo baya likipangwa mezani kwako, sema! Sema ukiwa na sauti mbaya, sema ukitetemeka, sema watu waache kukusalimu. Na kama wakati wa kusema umeshapita, kama ulivyonipita mimi, basi nenda ukaseme ulichonyamazia. Usisubiri tume. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake 2013, na mlima wetu umo ndani, lakini hakuna tume itakayoandika juu ya mitego sita.

Naomba pia msiharakishe. Saba hajanisamehe kwa maneno, na sijamwomba ayatamke. Mwaka jana aliniuliza kwa mara ya kwanza, "Na kaka yako, hamjapata lolote?" Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nikasema hapana. Akaendelea kupukuchua, kisha akasema kwamba usiku ule, vijana walipokuwa wanavunja mlango wa mbele, kuna mmoja aliyekuwa amesimama nyuma ya nyumba akawaonyesha kina Saba kwa mkono waingie kwenye migomba, na hakupiga kelele. Alikuwa amefunika uso. Saba hamjui ni nani. Hakusema ni kaka, nami sikusema. Lakini nilipomsimulia mama, alinyamaza mpaka giza likaingia, kisha akauliza ni gari lipi linakwenda Endebess.

Tunakwenda Jumamosi hii. Mama ameshatenga debe la viazi. Dada yangu, mwandikie mwenzako kabla ya hapo, mistari miwili tu, uniambie amejibu nini.