Programu iliyotoka nusu: irudishe kwanza, ndipo uitoe

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea laptopu yake ya Windows 10 ndani ya mfuko wa kitenge. Nikamwamkia, akaitikia, akaiweka mezani. "Mwanangu, Wi-Fi inashika vizuri, lakini hakuna kinachofunguka."

Nikadadisi. Antivairasi yake ilikuwa imeisha muda, ikawa inamrushia matangazo ya kulipia kila anapowasha mashine. Kijana wake wa kidato cha tatu akaamua kuikomesha. Akaingia Program Files, akashika folda ya antivairasi, akafuta. Faili zilizokataa akazifuata kwenye Safe Mode, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu, njia aliyoiona YouTube, akazimalizia huko. Ikoni ilikuwa bado ipo kwenye desktopu, nyeupe kama karatasi tupu. Kwenye orodha ya programu jina bado lilikuwepo, na ukibofya kuiondoa unaambiwa faili haionekani.

Ninyi mnaoanza kazi hii mtaletewa mashine ya namna hiyo kabla mwezi haujaisha. Mimi nilipoletewa, niliiharibu zaidi ya yule kijana.

Kosa letu lilikuwa moja: tulidhani programu ni folda. Programu ikiingia hutawanya vitu. Faili zake kubwa huenda Program Files, mipangilio huenda ProgramData na AppData, draiva, yaani vijiprogramu vinavyounganisha Windows na vifaa, huenda System32\drivers, na huduma zinazojiwasha zenyewe huandikwa kwenye rejistri, lile ghala la mipangilio ya Windows. Wakati mwingine kuna kazi iliyopangiwa saa ndani ya Task Scheduler. Ile orodha ya programu unayoiona ukibonyeza Windows+R na kuandika appwiz.cpl haikagui diski hata kidogo. Inasoma maandishi ya rejistri chini ya CurrentVersion\Uninstall, ambako kila programu ina sehemu yake, na humo mna mstari uitwao UninstallString unaotaja faili ya kuitwa siku ya kuondoka.

Sasa faili hiyo mara nyingi inakaa wapi? Ndani ya folda ileile uliyoifuta. Fungua folda ya programu yoyote iliyofungashwa kwa Inno Setup, utakuta unins000.exe na unins000.dat. Ya kwanza ndiyo inayoondoa. Ya pili ni daftari la kila kilichowekwa, hadi ikoni ya mwisho. Ukifuta folda, daftari limekwenda nalo, na draiva zimebaki zikiendelea na kazi bila mwenyewe.

Mimi sikuyajua hayo. Nikafungua regedit, programu ya kuhariri rejistri, nikatafuta jina la ile antivairasi, nikaanza: F3 kwenda kwenye tokeo linalofuata, futa, F3, futa. Karibu saa nzima, najiona fundi kwelikweli. Nikafika kwenye sehemu ya rejistri yenye namba ndefu inayoanza na 4D36E96B, nikaona kipengele kiitwacho UpperFilters. Ndani yake mistari miwili: draiva ya antivairasi, na neno kbdclass. Nimeona jina ninalolitafuta, nikafuta kipengele chote. Nikawasha mashine upya.

Ikafika kwenye nywila. Nabonyeza, kimya. Nikachomeka kibodi ya USB, nayo kimya.

Namba ile ndiyo sehemu ya kibodi zote za mashine, na kbdclass ni draiva ya Windows yenyewe. Antivairasi nyingine hujipachika hapo kulinda unachoandika, ndiyo maana jina lake lilikuwepo pembeni. Kilichoniokoa ni kile kialama cha chini kulia kwenye ukurasa wa kuingilia, chenye kibodi ya kwenye skrini. Padi ya kipanya ilikuwa inafanya kazi. Nikampigia mwalimu anitajie nywila, nikaibofya herufi moja moja. Nikarudi regedit, nikaunda upya UpperFilters, aina ya mistari mingi, nikaandika kbdclass, hiyo nayo kwa kubofya. Nikawasha upya, kibodi ikarudi. Shati lilikuwa limelowa.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote kwenye rejistri, bofya kulia ile sehemu, chagua Export, hifadhi faili ya .reg kwenye flashi. Na ukikuta kipengele chenye mistari kadhaa, ondoa mstari mmoja unaouhusu, siyo kipengele. Kabla ya hayo yote, nakili kazi za mwenye mashine. Mwalimu alikuwa na alama za wanafunzi za muhula mzima kwenye Excel, na mimi nilikuwa nimefika mbali hivyo bila kunakili hata moja. Mpaka leo nikikumbuka nasisimkwa.

Njia iliyokuja kunitoa niliambiwa na fundi mkubwa wa mtaa wa pili, na mara ya kwanza niliiona kama utani: "Kama unataka itoke, irudishe." Yaani usiendelee kufuta. Sakinisha programu ileile, toleo lilelile, juu ya mabaki. Kisakinishi kitarudisha faili zilizopotea, kitaandika daftari upya, kitaunganisha huduma na draiva zake. Ukimaliza hapo, unaiondoa kwa mlango wake, kupitia orodha, kama inavyotakiwa.

Toleo unalitazama palepale kwenye rejistri, mstari wa DisplayVersion. Mashine ya mwalimu haikuwa na intaneti, hivyo nilipakua kwa mashine yangu. Hapa wengi hupoteza bando. Kile kisakinishi kidogo cha megabaiti chache huwa ni mjumbe tu. Ukikiendesha kinataka kwenda mtandaoni kuchukua mamia ya megabaiti. Tafuta kile kizima, kinachosakinisha bila intaneti, na ukichukue kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Zile tovuti zenye vitufe vitano vya kijani vya kupakua zitakuletea mgeni mwingine wa kumtoa kesho.

Ikikataa kusakinisha kwa madai kwamba tayari imo, watengenezaji wa antivairasi huwa na zana yao maalumu ya kuondoa mabaki. Kaspersky wanayo, Avast wanayo, McAfee wanayo, na ya ESET huendeshwa ndani ya Safe Mode. Kila zana ni ya kampuni yake. Usitumie ya huyu kumtoa yule.

Safe Mode yenyewe ina mtego. Programu zilizosakinishwa kwa Windows Installer, zile ambazo UninstallString yake inaanza na msiexec, kwa kawaida hazitoki humo, maana huduma ya Windows Installer haiwashwi kwenye Safe Mode. Wanafunzi wangu wawili wamenipigia usiku kwa tatizo hili hili. Kwa programu za aina hiyo, jaribu zana ya bure ya Microsoft ya kutatua matatizo ya kusakinisha na kuondoa programu. Na ukikuta mtu amesafisha folda ya C:\Windows\Installer ili apate nafasi, umeshajua kwa nini programu zake hazitoki wala hazipokei masasisho: humo ndimo kumbukumbu za usakinishaji zinamokaa, zikiwa na majina yasiyoeleweka.

Turudi kwa mwalimu. Niliirudisha antivairasi, nikaiondoa kwa utaratibu, nikawasha upya. Jina likatoka kwenye orodha. Intaneti bado. Nikaandika ncpa.cpl, nikabofya kulia Wi-Fi, nikaingia kwenye sifa zake. Katika ile orodha ya vitu vyenye tiki ndogo kulikuwa bado na kichujio cha ile antivairasi, kimekaa katikati ya kadi ya Wi-Fi na Windows. Nikakichagua, nikabofya Uninstall palepale, nikawasha upya, ukurasa wa kwanza ukafunguka.

Kama kwako hapo ni pasafi na bado hakuna kitu, tazama mipangilio ya proksi, yaani mpatanishi ambaye mashine hupitia kwenda mtandaoni. Ukiona 127.0.0.1, ambayo ni anwani ya mashine yenyewe, mashine inaambiwa ipitishe kila kitu kwa programu ambayo haipo tena; izime hiyo proksi. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika netsh winsock reset, amri ya kurudisha mipangilio ya mtandao ya Windows kama ilivyokuwa mwanzo, uwashe upya. Mimi huiweka mwisho kwa sababu ukiitanguliza na ikafanya kazi, hutajua kilichokuwa kinaziba.

Huduma iliyobaki peke yake huondolewa kwa sc delete na jina lake fupi, siyo lile refu linaloonekana kwenye orodha. Soma jina mara mbili, amri haikuulizi kama una uhakika. Folda tupu iliyobaki AppData iache, haina madhara kwa mtu. Programu zinazojinadi kusafisha rejistri sizitumii. Zinafanya nilichofanya mimi kwa F3, tofauti ni kwamba zenyewe zina haraka zaidi.

Kuna mashine utakazoshindwa, na kupiga Windows upya hapo siyo aibu. Kipimo changu ni saa mbili: zikipita sijaelewa kinachoziba, nanakili data, namweleza mwenye mali, napiga upya. Ila iwe umejaribu kurejesha hali ya nyuma kwa rstrui kwanza, ingawa kwenye Windows 10 nyingi nilizokutana nazo huduma hiyo ilikuwa imezimwa.

Mwalimu alipokuja kuichukua nilimwonyesha Windows Defender imejiwasha yenyewe baada ya ile nyingine kutoka, nikamwambia hahitaji kununua nyingine kwa matumizi yake. Akauliza bei. Nilimtoza nusu, na nikamwambia kwa nini: nusu ya siku mbili nilizokaa nayo nilikuwa natengeneza nilichokiharibu mwenyewe. Alicheka, akalipa, na wiki iliyofuata akamleta yule kijana akae kibandani kwangu wakati wa likizo.