Uliza Gemu: Winga Asiyepokonyeka

Barua nyingi za safari hii zinamhusu mtu mmoja: mchezaji wa pembeni ambaye mpira ukimfika miguuni haupotei. Tumechagua tano. Makundi ya pointi za kumkuza mchezaji katika eFootball, gemu ya mpira wa miguu, tumeyaita kwa Kiswahili. Kwenye skrini yahesabu kutoka juu kwenda chini: kupiga, pasi, chenga, wepesi, nguvu za miguu, nguvu za juu, ukabaji, kisha matatu ya kipa.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nina winga wa kushoto ambaye kiwango chake cha mwisho ni 30. Nilibonyeza kile kitufe kinachogawa pointi chenyewe, na namba yake ya jumla ikapanda vizuri tu. Lakini uwanjani kila akipokea pasi beki anamkwapua. Mbio anazo, tena si za kitoto. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Temeke*

JIBU: Ndugu yetu wa Temeke, kitufe kile hakijui wewe unachezaje. Unataka mtu wa kushika mpira, chenyewe kimekupa winga wa kawaida. Namba ya jumla isikupumbaze, maana haiingii uwanjani kukaba wala kutuliza mpira.

Anza na hesabu. Kila kiwango anachopanda mchezaji kinakupa pointi 2. Kutoka kiwango cha 1 hadi cha 30 amepanda mara 29, kwa hiyo una pointi 58 mkononi. Katika kila kundi, ngazi 4 za kwanza zinagharimu pointi 1 kila moja. Ngazi ya 5 hadi ya 8 ni pointi 2 kila moja, ya 9 hadi ya 12 ni 3, ya 13 hadi ya 16 ni 4. Ukifika ngazi ya 4 umetumia pointi 4, ya 8 ni 12, ya 12 ni 24, ya 16 ni 40. Kila ngazi inaongeza 1 tu kwa kila sifa iliyomo kwenye kundi, iwe umeinunua kwa pointi 1 au kwa 4. Sasa fikiria mtu anayejaza nguvu za miguu hadi ngazi ya 12 ili winga akimbie. Pointi 24 kati ya 58 zimeishia kwenye kasi, nguvu ya shuti na pumzi. Kutuliza mpira hajaongezewa hata kidogo.

Mshika mpira anajengwa kwenye kundi la 3 na la 4. La 3, chenga, lina sifa tatu ambazo watu huzichanganya. Udhibiti wa mpira ni mguso wa kwanza, yaani pasi inapomfika mpira unalala au unaruka hatua mbili mbele. Chenga ni kukaa na mpira akiwa kwenye mwendo. Ya tatu ni kugeuka na mpira ukiwa umeganda mguuni akiwa taratibu, penye msongamano, na huyo mtu wako anaihitaji kuliko zote. Kundi la 4, wepesi, lina akili ya kushambulia, mchomoko wa hatua za kwanza, na mizani. Mizani ndiyo inayoamua beki akimgusa bega atayumba au ataendelea. Winga mwenye chenga 90 na mizani mbovu ni sawa na pikipiki nzuri yenye matairi yaliyoisha.

Kwa pointi zako 58 tungeanza hivi: wepesi ngazi ya 10, pointi 18. Chenga ngazi ya 8, pointi 12. Pasi ngazi ya 8, pointi 12 nyingine, kwa sababu mshika mpira asiyejua kuutoa ni mzigo kwa timu. Nguvu za miguu ngazi ya 6, pointi 8, na hapo tunachofuata ni pumzi kuliko kasi. Zinabaki 8: ngazi 4 za nguvu za juu na ngazi 4 za kupiga. Usidharau zile 4 za nguvu za juu. Kundi hilo si la vichwa na kuruka tu, ndani yake mna uimara wa mwili wa kusukumana bega kwa bega. Ngazi hizo 4 ni za bei ya chini, kwa hiyo ukiziacha umejinyima bure.

Kabla hujathibitisha, angalia sifa iliyo juu kuliko zote katika kundi unalolipia. Sifa zinagota kwenye 99. Kadi nyingi kali, yaani wachezaji wa kwenye gemu, zinakuja na chenga iko juu tayari, na ukiendelea kupandisha kundi la 3 unalipia sifa tatu lakini zinakua mbili, au moja. Hapo simama, hamishia pointi kwenye wepesi au pasi.

Halafu mkono wako mwenyewe. Pasi inatoka kwa beki wako wa kushoto, beki wa mpinzani yuko mgongoni kwa winga. Wengi wanakuwa wamekwishakandamiza kitufe cha mbio kabla mpira haujafika, na mguso wa kwanza unakuwa mrefu, mpira unakwenda kwa beki kama umetumwa. Achia mbio. Mpira ukiwa njiani, elekeza kijiti upande ambao beki hayupo, mara nyingi kuelekea mstari wa pembeni au kurudi nyuma kidogo. Winga anautulizia huko huko. Ngoja beki aingize mguu, ndipo ugeuke ndani. Kama hakuingiza, rudisha pasi kwa kiungo na uombe tena. Walioangalia Clatous Chama enzi zake Simba wanalijua hili bila kuwasha simu: hakuwa mtu wa mbio, lakini beki aliyemfuata alibaki anakaba kivuli.

SWALI: Nimemchukua namba 10 wangu mzuri sana nikampanga winga ya kulia ashike mpira. Amekuwa mzembe, hajipangi, hatafuti nafasi. Pointi zake ni sawa na mlizowahi kushauri. Kadi imeharibika?
*Msomaji, Sinza*

JIBU: Kadi ni nzima, umeizima wewe. Mtindo wa uchezaji ulioandikwa kwenye kadi unafanya kazi katika nafasi zake tu. Mwenye mtindo wa Classic No. 10 ukimtoa katikati ukampeleka winga, mtindo unalala, na anabaki mtu mwenye sifa nzuri asiyejua aende wapi. Kwa kushika mpira pembeni tafuta kadi yenye mojawapo ya mitindo miwili. Creative Playmaker anakubali winga na namba 10 pia, na kazi yake ni kutafuta upenyo wa kupikia wenzake mabao. Roaming Flank anaanzia pembeni kisha anaingia ndani kuomba mpira. Huyu wa pili ana sharti lake: akiingia ndani pembeni panabaki wazi, kwa hiyo beki wa upande ule awe wa kupanda. Usipofanya hivyo utajikuta una watu wanne wamejazana kwenye mita kumi za uwanja, kama daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Tazama na kocha pia. Timu ya kushika mpira inataka kocha ambaye namba yake kubwa iko kwenye mtindo wa kumiliki mpira. Ukiwa na kocha wa kaunta za haraka, winga wako akituliza mpira wenzake wanakuwa wameshakimbilia mbele. Anageuka kutafuta pasi fupi, hakuna mtu. Kosa linaonekana la winga, kumbe ni la benchi.

SWALI: Shikamooni wakubwa. Nina nafasi za kuongeza ujuzi kwa winga wangu. Nianze na upi?
*Mwanafunzi, Kigamboni*

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Nafasi za nyongeza ni 5. Kwanza pasi ya mguso mmoja, kwa sababu nusu ya kutonyang'anywa mpira ni kuutoa kabla hujafikiwa. Pili mguso wa mara mbili, ule wa kuuhamisha mpira kutoka mguu huu kwenda ule, ni silaha nyepesi kwenye nafasi finyu. Tatu pasi mpenyezo. Nne, kupiga kwa nje ya mguu, hasa kama mguu wake wa pili ni dhaifu, maana anapoelekea vibaya hatalazimika kutumia mguu mbovu. Ya tano iwe moyo wa kupambana, unaopunguza madhara ya uchovu na ya kubanwa. Ujuzi wa mashuti ya mbali mwachie mwenye kazi hiyo. Na zile programu za mazoezi za humo kwenye gemu zinazotoa ujuzi kwa kubahatisha, usizimalizie kwa kadi ambayo mwezi ujao utaiweka benchi.

SWALI: Mimi nimehamia kwenye mpira wa Wamarekani, nacheza Madden NFL kwenye PlayStation. Naambiwa nijenge mpokeaji wa pembeni wa aina ya kushika mpira. Nimempa kasi yote, lakini kila akirushiwa katikati ya watu mpira unaanguka. Huku mambo yakoje?
*Msomaji, Upanga*

JIBU: Huku yako karibu sawa na kule, ila mikono imechukua nafasi ya miguu. Kumbuka kazi yake kwanza. Timu ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Mrushaji anapofika jaribio la 3 zikiwa zimebaki yadi 6, hamtafuti mwenye mbio za kufika mwisho wa uwanja, anamtafuta ambaye ataudaka hata akigongwa. Larry Fitzgerald wa Arizona Cardinals alidaka mara 1,432 katika misimu 17, na juu yake kwenye historia ya ligi yuko Jerry Rice pekee, mwenye 1,549. Fitzgerald hakusifika kwa mbio. Mikono yake ndiyo iliyomweka mjini.

Kwa hiyo mfuatano wa kuwekeza ni huu: kudaka, halafu kudaka penye msongamano, halafu ukataji wa njia fupi, yaani kukimbia njia aliyopangiwa na kugeuka kwa ukali. Tatizo lako liko kwenye hiyo ya pili, inayoamua mpira utabaki mikononi au utaanguka pale beki anapomgonga wakati uleule mpira unafika. Baada ya hizo tatu, ongeza sifa ya kujinasua mwanzoni, kwa sababu beki anayembana kwenye mstari wa kuanzia anamchelewesha, na mrushaji hana sekunde za kungoja. Nguvu na kuruka vinafuata. Kasi ibaki ya kutosha tu.

Kisha vidole vyako. Mpira ukiwa hewani una namna tatu za kudaka. Pembetatu ni kuurukia kwa fujo, mraba ni kudaka huku anakimbia, na X ni kudaka kwa kushika. Tunashuku unaacha kompyuta iamue au unazoea mraba. Penye watu bonyeza X: hataongeza yadi nyingi baada ya hapo, lakini mpira utakuwa wake. X hiyo hiyo ndiyo ya kwenye mstari wa pembeni, kwa sababu sheria ya NFL inataka miguu yote miwili iguse ndani, na kwa udakaji huo mchezaji hujitahidi kuburuza vidole kabla hajatoka.

Kosa jingine tunaloliona sana: zimebaki yadi 6, mtu anachagua njia ya yadi 5. Mpokeaji anadaka vizuri, anaangushwa palepale, jaribio limekwisha. Mpeleke yadi 7 au 8 ndipo ageuke kumtazama mrushaji.

SWALI: Nimefuata kila kitu, kadi iko vizuri, ila winga anageuka kwa kuchelewa. Nabonyeza, anafikiria kwanza. Usiku mambo huwa nafuu.
*Msomaji, Kariakoo*

JIBU: Hapo usiguse pointi. Kuna mambo mawili, na ni rahisi kuyatenganisha. Cheza mechi moja dhidi ya kompyuta. Kama kuchelewa kumeisha, tatizo ni mtandao: jioni mnara mmoja wa Kariakoo unahudumia watu wengi, ndiyo maana usiku unaona nafuu. Sogea karibu na dirisha, zima masasisho yanayojishusha yenyewe, na ukiona alama ya mtandao wa mpinzani iko chini kabla ya mechi, mkatae, subiri mwingine. Kwa mshika mpira hili ni kubwa kuliko kwa mkimbiaji, kwa sababu yeye anaishi kwa kugeuka wakati beki anaingiza mguu, na amri ikichelewa kidogo tu mguu wa beki umeshafika.

Kama hata dhidi ya kompyuta anachelewa, na hali inazidi kuwa mbaya kuanzia mechi ya tatu au ya nne, gusa mgongo wa simu. Ikiwa ya moto, imejipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Joto la Dar la mwezi wa pili halina huruma, na wengi wanacheza simu ikiwa ndani ya kava nene huku inachaji. Chaji kwanza, chomoa, vua kava, shusha ubora wa picha kwenye mipangilio, kaa penye upepo wa feni. Usiiweke kwenye friji: ikitoka humo unyevu unajikusanya ndani yake, na mwisho wake ni kwa fundi.